Shamba Liitwe kwa Jina la Nani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini wala masultani, ni zamani ya juzi ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho, palikuwa na kiwanda cha kamba mjini Tanga. Kamba zake zilifunga meli bandarini, zilivuta maji visimani, zilifunga mizigo ya wachuuzi. Sisi watu wa Tanga tulipokuta kamba ile ugenini tuliigusa kwanza, kisha tukamwambia mwenyeji kwamba hii inatoka kwetu. Hata asiyewahi kusokota uzi mmoja alijivunia.

Kamba hutokana na mkonge. Jani hukatwa shambani, hukamuliwa kwenye mashine, hubaki nyuzi nyeupe ziitwazo singa, singa huanikwa juani, hufungwa marobota, hupelekwa kiwandani. Kiwanda chetu hakikuwa na shamba lake. Kilinunua singa kwa wengine, na singa nzuri kuliko zote zilitoka shamba moja la bara, ndani kabisa, mbali na barabara kuu. Zilikuwa ndefu, safi, na hazikuchelewa kamwe. Mvua ikinyesha, singa zimefika. Sikukuu ikiwadia, singa zimefika. Wote walizisifu, na hakuna aliyeuliza ni watu gani hao wasiopumzika.

Mwenye shamba alikaa mbali. Kazi yote alimwachia wakala mmoja, Mapande, na huyu Mapande ndiye aliyetafuta vibarua. Alikwenda Kigoma, vijiji vya ndani, akawaambia watu kwamba kuna kazi, kuna nyumba, kuna zahanati, na msimu ukiisha kila mtu anarudi kwao. Watu wakaaga, wakapanda basi. Walipofika akawaomba vitambulisho akawaandikishe. Wakampa. Hawakuviona tena.

Aliyeomba kuondoka aliambiwa nauli iliyomleta bado hajamaliza kuilipa. Aliyeomba mara ya pili alihamishiwa kwenye vitalu vya mbali, maji hakuna na kivuli hakuna. Aliyetoroka alifuatwa kwa pikipiki, akarudishwa, akapigwa wenzake wakitazama. Basi watu wakaacha kuomba. Babu zetu waliokwenda kukata mkonge wakati wa wakoloni waliitwa manamba, maana mtu aliacha jina lake langoni akapewa namba. Sisi tulidhani mambo hayo yameisha.

Sasa kulikuwa na dereva wa lori la kiwanda, Hoza Shekiondo, mtu wa Korogwe, mpole, mpenda redio. Lori lake lilikwenda tupu, likarudi limejaa. Lilikwenda tupu, likarudi limejaa. Pale shambani palikuwa na lango la chuma lenye kufuli. Mlinzi alifungua, lori likaingia, likapakiwa, likatoka, mlinzi akafunga. Hoza aliiona kufuli ile miaka yote akadhani inazuia wezi wa singa.

Siku moja, marobota yakiwa yamebaki machache kupakiwa, alimwendea kibarua mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, mkono ameuzungushia kitambaa. Kibarua yule aliitwa Laurenti Ntakije. Mashine ya kukamua ilikuwa imemkamata vidole, na mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Alimwomba Hoza amfikishe hospitali. Hoza akaona ni jambo dogo, maana lori lilikuwa linapita Korogwe, na hospitali iko njiani. Akaenda kumwomba Mapande ruhusa kwa adabu.

Mapande akasema, "Wewe umekuja kuchukua singa. Chukua singa uende. Huyo hatoki."

Hoza akadhani hakusikika vizuri, akaeleza tena habari ya mkono. Mapande akarudia neno lile lile, hatoki, huku akitazama kwingine, kama mtu anayezungumzia mbuzi wake. Hapo ndipo kufuli ile ikamwingia Hoza akilini.

Akapanda nyuma ya lori. Akashika robota la kwanza akalisukuma chini. Akashika la pili akalisukuma chini. Vibarua waliolipakia walisimama wakitazama jasho lao likirudi ardhini, na hakuna aliyelalamika.

"Kama mtu hatoki," Hoza akasema, "singa nazo hazitoki."

Akashusha mzigo wote peke yake. Kisha akataka kumpandisha Laurenti kwenye kiti cha mbele, lakini vijana wa Mapande walikuwa wameshasimama mlangoni pa lori na marungu. Hoza alikuwa peke yake. Alimtazama Laurenti, Laurenti akamtazama yeye. Akaondoka na lori tupu.

Kiwandani mashine zilikuwa zikisubiri. Lori lilipoingia tupu, mkuu wa usafirishaji alimwambia Hoza kwamba kama hana ugonjwa wala ajali ya kueleza, basi hana kazi. Hoza hakubishana. Alizima injini, akabaki kwenye usukani, akasema atashuka akishazungumza na mtu anayenunua singa.

Mtu anayenunua singa alikuwa Bi Salha Mntambo. Huyu alisoma, alisafiri, na kiwandani walimheshimu kwa sababu hakuwa na maneno mawili. Shamba lile alilijua. Alikwenda kila mwaka, akakaa barazani kwa Mapande, akanywa chai, akaonyeshwa safu ya nyumba zilizopakwa chokaa, akarudi mjini na sifa. Nyuma ya nyumba zile hakuwahi kufika.

Alisimama chini ya dirisha la lori akamsikiliza Hoza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Una hakika, kaka Hoza?"

"Dada Salha, harufu ya mkono wake ninayo puani mpaka sasa."

Salha akapanda ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Twaha Singano. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeahidi kamba nene za meli kwa wateja wa ng'ambo, kazi kubwa kuliko zote tangu kianzishwe. Bwana Twaha hakuwa mtu mbaya. Alisikitika kweli. Lakini akasema njia nyepesi ni kuachana na shamba lile kimyakimya, watafute singa kwingine, na jina la kiwanda lisisikike kwenye jambo hilo.

Salha akamjibu kwamba wakiondoka kimyakimya, Mapande atapata mnunuzi mwingine kabla ya mwezi kuandama, na watu wale watabaki vile vile nyuma ya lango lile lile.

"Singa zile tulizinunua sisi," akasema. "Nilizinunua mimi, kwa mkono huu. Tukizikimbia leo, tutakuwa tumeokoa jina letu tukawaacha watu. Mimi sitanunua hata robota moja, kwa Mapande wala kwa mwingine, mpaka niwaone wale watu wako huru. Ukiona hilo ni kosa, nipe barua yangu nikakae nyumbani."

Bwana Twaha akamwambia aende shambani, ila akirudi bila uthibitisho asihesabu kwamba kiti chake kipo.

Salha akaenda na afisa kazi wa serikali, mtu makini asiyependa uvumi. Dereva wao alikuwa Hoza. Lakini habari ziliwatangulia. Walipofika lango lilikuwa wazi na kufuli haipo. Uwanja umefagiliwa, wali na nyama viko jikoni, vibarua wamekusanywa kwenye waya za kuanikia singa, wamevaa nguo safi. Mapande akawakaribisha barazani kwa chai. Salha akasema chai hataki safari hii, anataka kuongea na watu.

Akawauliza kama wako pale kwa hiari yao. Akauliza tena kwa upole. Mtu mmoja akasema tuko salama. Wa pili akasema tuko salama. Wa tatu naye tuko salama. Walisema wakimtazama Mapande. Afisa kazi akauliza vitambulisho, akaambiwa viko wilayani vinafanyiwa uhakiki. Akauliza habari ya mtu mwenye mkono mbovu, akaambiwa huyo alisharudi kwao Kigoma. Afisa kazi akafunga mkoba wake, maana hakuna lalamiko, na hawezi kumwokoa mtu anayesema yuko salama. Salha akaona jambo linamponyoka.

Ndipo mwanamke mmoja akatoka katikati ya wenzake. Aliitwa Yustina Ntakije. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, na Laurenti alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Akasema, "Mimi pia niko salama. Nataka kwenda nyumbani leo."

Mapande akacheka. Akasema nani amemzuia, lango si hilo liko wazi, aende. Alisema hivyo kwa sababu alijua barabara ni ndefu na pikipiki zake ziko tayari, na wageni wataondoka.

Yustina akaenda kwenye chumba chake, akarudi na kifurushi kichwani. Akapita mbele ya wageni, akapita mbele ya Mapande, akaelekea langoni. Watu wote wakamtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona kibarua akipita pale kwa miguu yake mchana. Mlinzi akajibanza kando. Yustina akavuka.

Lori la Hoza lilikuwa limeegeshwa nje. Hoza akamfungulia mlango wa mbele. Kiti kilikuwa kitupu, na Kigoma iko upande ule ule ambako lori limeelekezwa. Hakuna kilichobaki kati yake na nyumbani kwao isipokuwa safari.

Yustina akashika mlango wa lori. Kisha akauachia. Akageuka, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti mpaka wale wa kwenye waya wakamsikia.

"Nimetoka. Sasa nataka kitambulisho changu, kwa sababu mimi ni Yustina, binti wa Ntakije wa Kasulu, si robota la mtu. Na nataka kaka yangu Laurenti, aliyefungiwa stoo ya mafuta, na mkono wake unaoza."

Akarudi ndani. Jamani, sikilizeni neno hili: mtu aliyekuwa nje, mlango wa gari uko wazi, akarudi ndani kwa miguu yake. Akapita tena mbele ya Mapande, akashusha kifurushi chake, akakaa chini kwenye waya za singa. Akasema hatoki tena mpaka watoke wote.

Kisha mzee mmoja mkata majani akasema, "Na mimi nataka kwenda nyumbani leo." Mwanamke aliyekuwa jirani yake akasema, na mimi nataka kwenda nyumbani leo. Na mwingine, na mwingine, mpaka likawa neno moja linalozunguka uwanja mzima, na wale waliosema tuko salama wakalisema kwa sauti kuliko wote. Mapande akainua mkono kuwanyamazisha, na hakuna aliyeutazama.

Afisa kazi akafungua mkoba wake. Akaamuru stoo ifunguliwe. Laurenti alikuwamo, amelala juu ya magunia, anatetemeka kwa homa. Na nyuma ya mapipa ya mafuta kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku vitambulisho vyao vyote. Salha akavitoa, akaanza kuita majina. Kila aliyeitwa aliitika, akaja, akapokea, akakitazama kitambulisho kama mtu anayejitazama kwenye kioo baada ya ugonjwa mrefu. Wengine walisimama wima kama askari. Hoza alimbeba Laurenti mgongoni mpaka kwenye lori.

Polisi wakamchukua Mapande, na mahakama ikamfunga. Laurenti akapona, lakini mkono haukupona. Daktari aliukata, akasema angeletwa siku ile ile ya kwanza huenda ungeokolewa.

Wengi walirudi kwao. Baadhi walitaka kubaki kama kazi itakuwa kazi ya mtu huru, na hapo kazi ya Salha ikaanza upya. Hakuliacha shamba lile akatafuta lingine. Alimfuata mwenye shamba huko alikokaa, akamwambia kiwanda kitanunua singa zake siku ambayo vibarua wataajiriwa bila wakala, kila mtu atabaki na kitambulisho chake mfukoni, malimbikizo ya mishahara yao yatakuwa yamelipwa, na anayetaka kuondoka ataondoka. Akasema watakuja kukagua bila kubisha hodi, na safari hii wataanzia nyuma ya nyumba. Mwenye shamba alisuasua. Salha akangoja.

Wakati anangoja, mashine za kiwanda zilisimama. Kazi ya kamba za meli ikaota mbawa. Wasokotaji walikaa nyumbani, na watu wa mjini wakatarajia waje kumlaani Salha. Hawakumlaani. Walikuja langoni mwa kiwanda, wanawake kwa wanaume, wakasema singa ya mtu aliyefungiwa hawaisokoti, na watakula mihogo mpaka mambo yakae sawa. Mimi nilikuwepo, nami nawaambia sijawahi kuona Tanga ikipendeza kama asubuhi ile. Bwana Twaha alitoka akawakuta pale. Akaingia ndani, akawapigia wateja wa ng'ambo yeye mwenyewe, akawaeleza kwa nini kamba hazipo, bila kuficha. Wengine walikwenda kwingine. Wengine walisubiri.

Mwenye shamba akakubali. Tangu hapo kiwanda kikawa na sheria, na sheria ile haijafutwa: dereva yeyote akiona mtu amezuiliwa, ana haki ya kukataa mzigo, na hakuna wa kumfukuza. Salha akazunguka mashamba mengine yote walikonunua singa, kwa miguu, chumba kwa chumba. Mawili aliyakuta yameanza tabia ile ile, akaikata ingali changa.

Sasa ndipo fumbo lenyewe linapoanza. Shamba lile miaka yote halikuwa na jina. Tangu wakoloni liliitwa kwa namba. Mwenye shamba, kwa aibu au kwa busara, akasema liitwe kwa jina la mtu aliyelifungua, na wachague waliofungiwa humo. Jina moja tu, kama desturi ya kwetu, Kwa fulani. Wakakusanyika, na waliorudi Kigoma wakatuma wajumbe.

Wa kwanza kusimama alikuwa Laurenti, mkono wa shati umekunjwa na kufungwa pini. Akasema liitwe Kwa Hoza. Akasema kabla ya siku ile hakuna mtu wa nje aliyewahi kuwaona kama watu, na Hoza alipomwona hakuwa na mkubwa nyuma yake, wala afisa, wala sheria. Alikuwa na lori na mikono yake miwili. "Asingeshusha mzigo ule," akasema, "nani angejua tupo?"

Mtu akamkumbusha kwamba Hoza alipita pale kwenye kufuli miaka mingi, na siku alipofumbuka macho aliondoka akamwacha yeye, na mkono ukaenda. Laurenti akajibu kwamba mkono ni wake, na wa kudai ni yeye, na yeye hadai.

Akasimama msokotaji mmoja kutoka kiwandani, akaomba ruhusa ya kusema ingawa si wa shamba. Akasema liitwe Kwa Salha. Lori tupu moja halifungui lango, akasema, na mtu mmoja akitoroka, lango hufungwa tena nyuma yake. Salha ndiye aliyekataa kukimbia, akaweka kazi yake rehani, na ni yeye aliyehakikisha Mapande mwingine haji. Hoza na Yustina walifungua siku moja. Salha amefungua miaka. Wakamjibu kwamba chai ya Mapande aliinywa mwaka hadi mwaka, na laiti angezunguka nyuma ya nyumba hata mara moja, wengi wasingeteseka. Salha alikuwa amekaa pale pale. Alisema ni kweli, na ndiyo sababu hakuondoka.

Kisha akasimama yule mzee mkata majani. Akasema liitwe Kwa Yustina, na haoni kinachojadiliwa. Hoza alirudi kulala kwake. Salha alikuwa na afisa pembeni yake. Yustina alikuwa na kifurushi. Salha alikuwa ameshashindwa, na afisa ameshafunga mkoba. "Sisi tulikuwa tumesema tuko salama," akasema mzee. "Yeye alitoka, akawa huru, akaurudisha uhuru wake ndani ili atununulie wetu."

Lakini binti mmoja akauliza kama Yustina angethubutu kupita mbele ya Mapande siku ambayo hakuna mgeni uwanjani na hakuna lori nje. Akauliza pia kama alirudi kwa ajili ya wote, au kwa ajili ya kaka yake. Watu wakageuka kumtazama Yustina. Yeye akasema alipoushika mlango wa lori aliwafikiria wote, na Laurenti alikuwa mmoja wao, na kama kuna mizani ya kupima jambo kama hilo, yeye hanayo.

Maneno yakapamba moto. Waliotaka Kwa Hoza hawakushuka, waliotaka Kwa Salha hawakushuka, waliotaka Kwa Yustina hawakushuka. Na wenyewe watatu walikaa benchi moja wakimenya machungwa, kila mmoja akisikiliza sifa za mwenzake na kutikisa kichwa kukubali.

Ubao ulikuwa umeshapigwa randa na kusimamishwa langoni, na fundi wa maandishi alikuwa amechovya brashi, ameshaandika "Kwa", anangoja kuambiwa. Rangi inakauka, na watu wote wale, kila mmoja na kitambulisho chake mfukoni, wamegeuka kuwatazama ninyi mliokuwa mnasikiliza. Semeni basi: je, fundi aandike jina la nani?